Mimea ya kivulini isiyopendwa na mbuzi: anayeanza anunue ipi?

Chini ya mwembe mkubwa ukoka hauoti, na anayeulazimisha humwagilia mwaka mzima bure. Kivuli ni kizito, na mizizi ya mwembe iliyotanda karibu na uso wa ardhi hunywa maji kabla ya mmea mwingine. Ongeza mbuzi wa jirani wanaopita jioni wakirudi zizini, ndipo utaelewa kwa nini nyua nyingi za Pwani zimebaki mchanga mtupu. Ipo hata hivyo mimea inayoyaweza mazingira hayo, na mingi inapatikana kwenye vitalu vya kando ya barabara. Nimeipanga nikimfikiria mtu asiyewahi kulima maua na asiye na muda wa kumwagilia kila siku.

Hakuna mmea ambao mbuzi hawezi kuuonja. Kiangazi kikikaza, mbuzi mwenye njaa hujaribu chochote. Tunachotaka ni mmea ambao akiung'ata mara moja anauacha, nao unachipua tena.

Nafasi ya kwanza naupa mkonge wa mapambo, ule wenye majani marefu yaliyosimama wima, yenye mabaka ya kijani. Jani lake ni gumu, limejaa nyuzi na lina uchungu. Huvumilia wiki kadhaa bila tone la maji. Kinachouua ni kumwagiliwa kupita kiasi. Nunua kiriba chenye machipukizi matatu au manne, hata kama ni mafupi, uache kile chenye jani moja refu la kupendeza macho, kwa sababu machipukizi utayagawa na kupata mimea mingine bila kulipa tena. Jihadhari na ile aina yenye ukingo wa njano. Ukiipanda kwa kipande cha jani, mimea itakayoota itakuwa ya kijani tupu. Ukingo hurithiwa pale tu unapogawa tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya udongo. Muuzaji anayekupa vipande vya majani na kukuahidi njano, mwache.

Wa pili ni ule ambao wauzaji wengi huuita ZZ, jina lililofupishwa kutoka Zamioculcas zamiifolia. Watu huununua wakidhani umetoka ng'ambo, kumbe asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, kushuka hadi Afrika Kusini. Huhifadhi maji kwenye matunguu yake. Ni wa jamii moja na magimbi, na una fuwele zilezile za kalsiamu oksaleti zinazowasha mdomo wa mtu aliyekula gimbi lisiloiva. Mbuzi naye humwasha vivyo hivyo. Hauko juu kabisa kwa sababu ni ghali kuliko mkonge na hukua taratibu mno. Kabla ya kulipa, bonyeza shina karibu na udongo: likiwa laini, tunguu limeanza kuoza.

Aglaonema ni ya tatu. Nayo huwasha, na majani yake yenye rangi ya fedha au ya waridi hung'arisha kona yenye giza, jambo ambalo hizo mbili za mwanzo haziwezi. Ila inahitaji maji ya mara kwa mara.

Magimbi ya mapambo na feri (kangaga) yapande pale tu maji ya bomba au ya bafuni yanapotiririka. Kwenye mchanga mkavu wa chini ya mwembe ni kutupa pesa.

Difenbakia, ule mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, sikushauri kuununua, ingawa nao humwasha mbuzi mdomo. Utomvu wake unaweza kumvimbisha mtoto ulimi na koo. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, acha pia ZZ, aglaonema na magimbi ya mapambo, ubaki na mkonge, nao uupande nyuma ya mawe: hauna sumu kali, lakini ukiliwa huweza kuleta kichefuchefu na kuhara.

Ua la impatiensi, lile laini lenye maua ya waridi na mekundu, linavutia sana kitaluni na ni la asili ya kwetu pia. Shina lake limejaa maji, hivyo ukilisahau siku chache linalala, na mbuzi wakilipata hawaachi kitu.

Kwa fedha ya viriba kumi, ningechukua sita vya mkonge, vitatu vya ZZ na kimoja cha aglaonema. Panda masika yanapoanza, mwezi Machi, ili mvua ikusaidie kushikisha mizizi. Chimba mashimo madogo katikati ya mizizi ya mwembe bila kuikata, weka samadi iliyoiva, kisha rudisha majani makavu ya mwembe yawe matandazo, ukiyaweka mbali kidogo na shina la mti. Panga mawe kuzunguka kila mche. Kuku hawali mkonge, lakini wakichakura udongo mpya huufukua wote.