Uzoefu wangu: kufungasha notcurses kwa GNU Guix

Natumia GNU Guix, kisimamizi cha vifurushi vya programu, juu ya Debian (mfumo wa Linux) kwa kazi zangu za kila siku, na naandika haya kwa anayejiuliza kama kuna faida ya kufungasha programu mwenyewe humo. Kwangu faida ipo, na ni kubwa zaidi pale unachofungasha kinapokuwa maktaba ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Maktaba za namna hii hutegemea mambo mengi yasiyoandikwa popote: terminali ni ya aina gani, herufi zimesimbwa vipi, maelezo ya terminali yamehifadhiwa wapi. Guix inakulazimisha uyataje yote.

Nilichagua notcurses, maktaba ya C iliyoandikwa na Nick Black. Inachora rangi kamili, tabaka za maandishi zinazopandana, hata picha na video kwenye terminali zinazoweza. Kwa kawaida ikijengwa huivuta ffmpeg, programu ya kushughulikia video na sauti, na ffmpeg nayo inakuja na ukoo wake mzima. Programu zangu ni menyu na majedwali tu, kwa hiyo nilitaka toleo jepesi ndani ya chaneli yangu mwenyewe, yaani mkusanyiko wangu wa vifurushi vya Guix.

Kifurushi cha Guix ni kipande cha lugha ya Scheme chenye jina, toleo, chanzo, mfumo wa kujengea, mahitaji, maelezo na leseni. Chanzo kinaambatana na hashi ya sha256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) yenye herufi 52. Msimbo ukibadilika hata biti moja, kazi inasimama papo hapo. notcurses inatumia CMake, zana ya kuongoza ujenzi wa programu, kwa hiyo `cmake-build-system` ilibeba sehemu kubwa ya mzigo. Mimi niliongeza vigezo viwili tu vya kujengea: `-DUSE_MULTIMEDIA=none` kuiacha ffmpeg, na `-DUSE_PANDOC=OFF` kuacha kurasa za mwongozo. Hicho cha pili nakipendekeza sana kwa mwenye mashine ndogo. Pandoc, kigeuzi cha nyaraka kinachotengeneza kurasa hizo, imeandikwa kwa lugha ya Haskell, na usipoipata ikiwa tayari imejengwa kwenye seva za Guix, kompyuta yako italazimika kupanda mlima wote wa Haskell ili kupata kurasa chache za man.

Mahitaji yanagawanywa mafungu. `native-inputs` ni vya wakati wa kujenga tu, na humo niliweka pkg-config (ya kutafuta maktaba) na doctest (ya majaribio). `inputs` ni vile programu itaendelea kuvihitaji: ncurses, libunistring na libdeflate. Mgawanyo huu ulinifundisha jambo kuhusu notcurses yenyewe. Pamoja na jina lake la kujitenga na curses (maktaba kongwe za terminali, ncurses ikiwa mojawapo), bado inaihitaji ncurses kwa ajili ya terminfo, yaani hifadhi ya maelezo ya kila aina ya terminali. Kwenye Debian sehemu hiyo imetengwa kuwa maktaba ya peke yake, tinfo. Ncurses ya kawaida ya Guix haijatengwa hivyo, na CMake ya notcurses inaridhika na ncursesw.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni majaribio. Ujenzi wa Guix unafanyika mahali palipofungwa: hakuna mtandao, hakuna `/usr/share`, HOME imewekwa kuwa `/homeless-shelter` na PATH inaanza ikiwa `/path-not-set`. Kigezo cha TERM, kinachotaja aina ya terminali, nacho hakipo. Sasa maktaba ya terminali isiyojua iko kwenye terminali gani itajipima vipi? Jibu ni hatua moja kabla ya `check`, hatua ya majaribio:

(add-before 'check 'weka-term
  (lambda _ (setenv "TERM" "xterm-256color")))

Mstari huo ni mdogo, lakini ni ukweli kuhusu programu ambao kwenye mifumo mingine ungebaki umejificha ndani ya mazingira ya mtu aliyejenga. Suala la UTF-8, yaani usimbaji wa herufi, Guix inalishughulikia yenyewe katika hatua ya `install-locale`. Na terminfo? ncurses ya Guix inatafuta maelezo ndani ya njia yake yenyewe chini ya `/gnu/store`, ghala la vifurushi vyote vya Guix, kwa hiyo haijali Debian yangu imeweka nini. Ukitumia terminali mpya inayokuja na maelezo yake, ongeza njia yake kwenye TERMINFO_DIRS.

Baada ya kusakinisha kuna hatua iitwayo `validate-runpath`, inayokagua kila faili la ELF (programu au maktaba iliyojengwa) kuhakikisha maktaba zote linazozihitaji zinapatikana. Ningependa kila mfumo ungekuwa nayo. Kisha `guix lint` inakagua hata uandishi: muhtasari usianze na kibainishi cha Kiingereza (kama "a" au "the") wala usiishie na nukta.

Gharama zipo, na kwa sisi tunaonunua bando zinaonekana haraka. `guix pull`, amri ya kusasisha Guix, inachukua muda na data. `/gnu/store` inakua kila siku, hivyo `guix gc`, amri ya kufuta visivyotumika, iwe mazoea. Ujumbe wa makosa wa Scheme unamchosha asiyezoea mabano. Bano moja likikosekana unaweza kuelekezwa mbali na penye tatizo. Ningemshauri anayeanza asome kwanza vifurushi vya wengine kwa `guix edit ncurses` kabla ya kuandika chake.

Mimi nimeridhika. Nilimpa mwenzangu wa kazini faili la chaneli lenye komiti zilizofungwa, yaani matoleo kamili ya msimbo yaliyotajwa, akaliendesha kwa `guix time-machine`, amri inayotumia Guix ya matoleo hayo hasa, kwenye Fedora yake (mfumo mwingine wa Linux). Njia ya notcurses ndani ya `/gnu/store` ilikuwa ileile kwa mashine zote mbili, herufi kwa herufi, na `notcurses-info`, programu ndogo inayokuja na notcurses, ikafunguka kwake bila yeye kugusa kitu kingine chochote.