Seti ya kurudishia pistoni za breki: uzoefu wangu na Volkswagen Golf 5

Mwaka jana fundi mmoja alinibadilishia pedi za nyuma, na pistoni (kile kipande cha chuma kinachosukuma pedi) ilipogoma kurudi aliibana kwa klempu mpaka ikatoa mlio. Haikupita wiki mbili handbreki ya upande huo ikaacha kushika. Nilinunua kalipa nzima, yaani kile kifaa chote kinachobeba pistoni na kubana pedi. Safari hii nimeifanya kazi mwenyewe, nyumbani, kwa kifaa chake.

Kwenye Golf 5 handbreki imo ndani ya kalipa ya nyuma, na pistoni yake imekaa kwenye hesi, kama skrubu. Ukiisukuma tu, hairudi. Unaharibu mtambo wa ndani unaojirekebisha kadiri pedi zinavyolika. Inataka isukumwe na kuzungushwa kwa wakati mmoja, na ndiyo kazi ya seti hii. Nimeipata Kirinyaga Road, Nairobi, kwa shilingi 3,200: sanduku la plastiki, skrubu mbili nene zenye mpini, moja ya hesi ya kulia na nyingine ya kushoto, bamba la kuegemea, na visahani vyenye pini za kuingia kwenye matundu ya pistoni.

Niliachia handbreki, nikazuia tairi za mbele kwa mawe, nikapiga jeki na kuweka stendi. Boliti za kalipa ni namba 13. Pini yake unaishika kwa spana nyembamba ya 15. Kwenye chupa ya mafuta ya breki nilinyonya kidogo kwa sirinji, maana pistoni ikirudi mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari.

Golf hii inazungushwa kulia pande zote mbili. Nilikwenda polepole, nusu mzunguko kisha natazama mpira unaozuia vumbi lisiingie kwenye pistoni. Upande wa abiria mpira ulianza kujikunja pamoja na pistoni. Nikarudisha nyuma kidogo, nikaupaka grisi ya silikoni ukingoni, ukaachia na kukaa sawa. Kama ningeendelea tu kukaza ungechanika, na maji na mchanga vingeingia humo.

Ubaya wa seti: visahani havina alama ya gari lolote, nilijaribu vitatu kabla ya kupata kinachokaa. Sumaku inayovishikilia ni dhaifu, kimoja kiliniangukia mara mbili mikono ikiwa imejaa. Lakini chuma chenyewe ni kizuri, hesi haijalika hata kidogo.

Jirani mwenye Passat ya 2007 ameniomba nimfanyie, nimekataa. Handbreki yake ni ya umeme, na mota lazima irudishwe kwanza kwa mashine ya kompyuta. Seti hii haimfai peke yake.

Nilipomaliza nilikanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu, nikaangalia mafuta, ndipo nikagusa handbreki. Niliivuta meno manne, na gari likakaa kwenye mteremko wa getini bila kusogea.