Vikaragosi vya Majini, Hanoi: Nilivyonyang'anywa Mwavuli Wangu

Sitajifanya kwamba niliingia kutazama vikaragosi vya majini, yaani sanamu zinazochezeshwa juu ya maji, kwa mapenzi ya sanaa. Niliingia kwa sababu ya mvua. Ilikuwa siku ya pili au ya tatu ya matembezi yangu Hanoi, mvua ya kiangazi chao ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa nimelowa chapachapa na sina pa kwenda.

Mlangoni mwa ukumbi huo, ambao sitautaja, alisimama mhudumu mmoja nitakayemkumbuka kwa muda mrefu. Kabla sijamaliza kumwonyesha tiketi aliunyakua mwavuli wangu, akautumbukiza katika pipa lililojaa miavuli ya wengine bila kunipa namba yoyote, kisha akavinyooshea kidole viatu vyangu na kunikaripia mbele ya watu kwamba nilikuwa ninamwaga maji sakafuni. Ninamwaga maji, katika ukumbi ambao jukwaa lake zima ni bwawa! Najua kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hiyo nilikuwa nimeilipia tiketi.

Niliketi nimefura. Ngoma niliziona kelele, na kiti nilikiona kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Alipotokea Chú Tễu, kikaragosi mcheshi, mnene, mwenye kifua wazi ambaye ndiye hufungua onyesho, ukumbi mzima ulicheka ila mimi, kwanza kwa kuwa sikuambulia hata neno moja la Kivietinamu, na pili kwa kuwa bado nilikuwa ninamtafuta mhudumu kwa jicho la pembeni.

Aliyenivunja nguvu ni mbweha. Alizuka majini katikati ya kundi la bata, akamdaka mmoja, akapanda naye mtini kwa kasi huku wachungaji wa bata wakihangaika chini na fimbo zao, nami nikajikuta nimecheka kwa sauti. Kuanzia hapo nilianza kutazama kwa makini. Vikaragosi hivyo huchongwa kwa mti mwepesi wa jamii ya mkuyu, hupakwa vanishi ya asili ili visinywe maji, na huendeshwa kwa fito ndefu zinazopita chini ya maji, kwa hiyo mtazamaji haoni mkono wala uzi. Sanaa hii ilizaliwa katika mashamba ya mpunga ya bonde la Mto Mwekundu, na maandishi ya jiwe ya mwaka 1121 tayari yanaisimulia. Kasa alipoibuka na kuupokea upanga wa mfalme Lê Lợi, kisa ambacho ndicho kililipa Ziwa Hoàn Kiếm jina lake la Upanga Uliorudishwa, maji yale yalikuwa ya kijani na mazito kiasi kwamba niliamini kabisa kuna kina kisicho na mwisho.

Mwishoni pazia la mianzi lilifunguliwa, wakatoka wachezaji wenyewe, maji yakiwafika kiunoni. Mama mmoja alikuwa akikamua mkono wa shati lake huku akituinamia kwa heshima. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma, na laiti ningeandika maoni haya dakika ile, ningewapa alama zote.

Kisha nikaenda kwenye pipa. Mwavuli haukuwapo. Mhudumu yuleyule aliinua mabega, akanionyesha mlango, na nje ya mlango mvua. Nilitembea hadi hotelini nikitunga kichwani maneno makali ambayo nilikusudia kuyaandika hapa: msikanyage, ni watu wasio na adabu, fedha zenu mzipeleke kwingine.

Kesho yake nilirudi. Mvua ilikuwa ikinyesha bado, mwavuli sikuwa nao tena, na mhudumu alikuwa yeye yule. Aliitazama tiketi, akavitazama viatu vyangu, akafungua kinywa.