Jiko la kuni la chuma lenye mlango wa kioo: nililitukana msimu mzima, sasa naomba radhi kidogo

Msimu wa kwanza rivyuu yangu nilikua nishaipanga kichwani, nyota moja na matusi juu, bado kuituma tu. Kila nikiwasha moshi unarudi sebuleni, kioo kinakua cheusi ndani ya saa moja, moto unazubaa zubaa afu joto hamna. Nikasema hapa nimeuziwa pipa lenye mlango. Sasa nimemaliza msimu wa pili na ukweli inabidi niuseme, robo tatu ya hayo makosa yalikua yangu. Ile robo ya waliolitengeneza nayo nitaisema, msijali.

Kuni ndo mwanzo wa yote. Aliyeniuzia aliapa ni kavu, mi nikanunua kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, nikachoma kwenye gogo kwa nje, asilimia 17, nikafurahi. Fundi aliyekuja kusafisha bomba la moshi alivyoona hivyo akacheka, akachukua shoka akalipasua lile gogo katikati, akapima upande wa ndani ambao ndo kwanza umefunguka: 31. Inatakiwa chini ya 20. Kuni iliyotoka kukatwa inaweza kua karibu nusu ya uzito wake ni maji matupu, kwa hiyo moto unahangaika kukausha maji kwanza, na moshi wake unapanda umepoa, ukifika kwenye bomba unaganda humo humo. Kama huna kipimo gonganisha vipande viwili, kavu inalia ko! safi kabisa, mbichi inatoa kamlio kazito kama unapiga mto. Siku hizi kuni napasua mapema, napanga nje zimefunikwa juu tu, pembeni wazi upepo upite, na zile ngumu nazipa hata miaka miwili.

Afu bomba. Jamaa alipoingiza brashi vikaanza kudondoka vigamba vyeusi vinang'aa kama lami iliyokauka, karibu nusu ndoo. Hiyo ndo kriosoti, yaani ule moshi ulioganda, na jamani hiyo kitu inashika moto, ikiwakia mle bombani utasikia linanguruma, hapo unafunga tundu zote za hewa za jiko, unatoa watu nje unaita zimamoto. Kule juu kwenye kofia kuna wavu wa kuzuia ndege, tundu zake karibu zote zilikua zimezibwa na masizi. Kumbe jiko limekabwa koo na mi nalilaumu halipumui!

Na kriosoti yote hiyo niliitengeneza mwenyewe, maana kila usiku nilikua najaza magogo afu nafunga hewa kabisa eti yafike asubuhi. Yalikua yanafika kweli, lakini yanafuka usiku kucha. Sasa nawasha moto mdogo unaowaka kwelikweli, nikianza naweka magogo chini na vijiti juu, kiberiti nakipiga juu, moto unashuka wenyewe na bomba linapata joto mapema.

Haya, sasa zamu yao. Kamba ya mlango, ile nyeupe inayoziba pembeni, imekakamaa baada ya msimu mmoja tu, hapo hapana. Nilijua kwa karatasi: unaibana na mlango afu unaivuta, ikitoka kirahisi ujue hewa inapita. Yangu pembe ya chini ilitoka kama siagi, ndo maana kuna siku nimefunga tundu zote za hewa na moto bado unakimbia kama wazimu. Kubadilisha sio kazi, kwangua gundi ya zamani mpaka chuma kionekane, nunua unene ule ule, na unapoibandika usiivute maana inakonda. Lakini hamna hata mstari mmoja kwenye kitabu cha maelekezo! Kina picha tatu na onyo la watoto. Alamu ya kaboni monoksidi hawajaitaja kabisa wakati ile gesi haina harufu wala rangi. Nunua ya kwako, usisubiri waikumbuke.

Trei ya majivu nayo ni ndogo, ila hapo nimewasamehe kwa sababu kuni zinapenda kulala juu ya majivu kidogo, sentimita mbili tatu hivi, huhitaji kufagia kila siku. Ukiyatoa weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na ikae nje, kaa la moto linaweza kujificha mle siku kadhaa.

Kwa upande wa sifa, chuma chake kinene, moto ukizima bado kinatoa joto muda mrefu. Na ile hewa inayoshuka juu ya kioo kukiosha inafanya kazi kweli ukiwa na kuni kavu, wala hawakudanganya. Kakibaki kaweusi pembeni nachukua gazeti lenye maji, nachovya kwenye majivu laini, nasugua jiko likiwa limepoa, dawa za kupuliza sijanunua tena.

Nawapa nyota tatu na nusu. Ya nne ningewapa ila kitasa cha mlango ni chuma kitupu, hakina hata mbao, mpaka leo nafungua jiko nimevaa glovu kama fundi wa kuchomelea.