Kiti nyota tano, keria sijui niseme nini: duka la vifaa vya pikipiki za safari, Nakuru

Nianze na kiti, maana hapo hawa watu wa Nakuru hawana mpinzani. Fundi wao wa viti alitoa sponji yote ya kiwandani, akaweka mpya ya tabaka mbili: chini ngumu, juu laini kiasi cha sentimita 2 tu. Akapanua sehemu ya nyuma ambapo mifupa ya makalio hukaa, akapunguza ukali wa kingo za mbele ili miguu ifike chini bila kujinyoosha. Ukitaka kujua fundi wa kiti anajua kazi, bonyeza sponji kwa kidole gumba: kidole kikigusa ubao upesi, hiyo ni ya kochi. Utaifurahia mpaka Molo, ukifika Kericho unasimamia vikanyagio. Cha huyu bwana kinakufikisha Kisumu, tena ukiwa na hamu ya kuendelea Busia.

Ningeishia hapo, nyota tano.

Lakini niliwaachia pia kazi ya keria, ile fremu ya chuma inayobeba boksi la nyuma. Ilikatika majuzi baada ya Londiani Junction, kwenye tuta la kawaida, boksi likabaki linaning'inia kwa mkanda mmoja. Ndani mlikuwa na koti la mvua, pampu, tyubu ya akiba na spana. Havifiki kilo 6. Boksi lenyewe limeandikwa kilo 10.

Nikarudi dukani. Yule wa kaunta hata hakuinua macho kwenye simu. "Boss, kwani ulibeba gunia la viazi?"

Nikamwekea kipande mezani. Atazame pale palipokatika: karibu nusu ya mkato ilikuwa nyeusi, na weusi wenyewe ni rangi yao ya kupuliza. Nusu nyingine chuma safi, kinang'aa. Rangi haiingii ndani ya chuma kizima. Maana yake ufa ulikuwepo kabla hawajapaka rangi. Weldingi haikushika, wakafunika. Akaniambia barabara zetu ni mbaya.

Barabara ni mbaya, ndiyo, na ndiyo sababu keria hutengenezwa kwa kuikumbuka barabara. Ya kwao ilikuwa bomba jembamba, limechomelewa kwenye kisikio (kibati chenye tundu la bolti) kwa pembe tupu, bila kipande cha pembetatu cha kulikaza. Imefungwa kwa bolti mbili tu, zote mbele, kwa hivyo kila tuta linainua boksi na kulibamiza, na nguvu yote inaishia kwenye weldingi ile ile. Inatakiwa bolti nne za M8, yaani unene wa milimita 8, zilizoandikwa 8.8 kichwani, alama ya uimara wa chuma, mbili kati yake zikishika chasisi yenyewe, si plastiki wala kishikio cha abiria. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, zikazwe takriban Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye spana maalumu), halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza kwa sababu rangi iliyo chini ya washa hujikandamiza na nati kulegea. Basi, ni hayo tu.

Wakasukuma boksi nyuma pia, eti abiria apate nafasi. Uzito ukipita ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na malori ya Salgaa yakikupita usukani unacheza. Vizito viende kwenye mifuko ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana. Juu nyuma weka koti la mvua, maana Kericho mchana utalihitaji.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya kiti. Kisha nikafungua kifuniko cha pembeni nikakuta waya wa chaja ya simu waliyonifungia umetoka kwenye betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Fyuzi ya ampea 5, karibu na betri, ni shilingi ngapi? Waya huo ukichubuka kwenye chasisi unaungua wote, na tangi la petroli liko hapo juu. Basi mbili. Na nikikumbuka gunia la viazi, moja.

Kwa anayetafuta pikipiki ya safari: muuzaji akianza habari za nguvu za injini, mwambie ainue kiti. Tafuta matundu ya bolti ya kiwandani kwenye chasisi ya nyuma. Yakiwepo, keria itashika. Yasipokuwepo utawaangukia watu kama hawa.

Hata hivyo kiti tengenezeeni kwao, sioni wa kumshinda yule fundi. Pikipiki nyingi kiti kinatoka kwa ufunguo au bolti mbili. Mpelekee kiti chenyewe mkononi, pikipiki ibaki nyumbani.