Chungu cha Lodge cha inchi 12 chenye miguu mitatu: mfuniko ndio unaolipiwa

Kwa anayetaka kuoka mkate, kuivisha kuku mzima na kupika mchuzi kambini kwa chombo kimoja, chungu cha chuma cha kusubu cha Lodge cha inchi 12, kile cha miguu mitatu, ndicho cha kwanza kupendekezwa. Kina uzito wa kilo 9 hivi, na asiyejua kupanga mkaa atatoa humo mkate ulioungua chini na mbichi juu. Uzito hauna dawa. Mkate kuungua una dawa, nayo iko kwenye hesabu ya makaa.

Lodge ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1896 na Joseph Lodge katika mji wa South Pittsburg, jimbo la Tennessee. Hutengeneza vyungu vingi vya chuma, na hapa ndipo wanunuzi hukosea: huchukua kile cha jikoni chenye kitako bapa na mfuniko uliobinuka, kisha wakifika kambini makaa yanateleza kutoka juu na chungu kinalala moja kwa moja juu ya moto na kuukosesha hewa. Cha kambi kina miguu mitatu inayokiinua juu ya makaa, mkono wa waya mnene wa kukibebea, na mfuniko ulio karibu bapa wenye ukingo uliosimama pande zote. Ukingo huo hushika makaa yasidondoke na kuzuia majivu yasiingie kwenye chakula. Bila moto wa juu hiyo ni sufuria nzito tu; moto wa juu ukiwepo, inakuwa oveni. Mfuniko huohuo ukigeuzwa kichwa chini hufaa kukaangia mayai au chapati.

Dukani, anza na mfuniko. Ufunike, kisha bonyeza kingo mbili zinazotazamana. Ukicheza kidogo, uzungushe robo na ujaribu tena, kwa sababu chuma cha kusubu hakitoki sawasawa kabisa. Ukicheza kila upande, acha, chukua kingine: mvuke utatoka hapo, nyama itakauka, na majivu yatapata njia. Pitisha vidole ukutani mwa chungu kuhisi unene. Upande mwembamba hupata moto kabla ya wenzake na huunguza. Mwisho inua mkono wa waya. Unaofaa husimama wenyewe kwa mshazari pembeni, usilale ndani ya makaa mahali ambapo utauhitaji ukiwa wa moto.

Ukubwa wa inchi 12 hubeba lita 5.7 na hutosha watu sita hadi wanane. Cha inchi 10, lita 3.8, kinawafaa watu wawili hadi wanne na ni chepesi zaidi. Kipo pia cha inchi 12 chenye kina kirefu, lita 7.6, kizuri kwa kuku mzima na nyama kubwa, ila kwa mkate hakinivutii: moto wa juu unakuwa mbali na unga, na uso wa mkate unachelewa kupata rangi.

Sasa moto. Kanuni ya kuongeza na kupunguza tatu inatosha kuanzia: chukua kipenyo cha chungu kwa inchi, ongeza 3 upate idadi ya briketi (vipande vya mkaa ulioshindiliwa, vyenye ukubwa sawa) za juu ya mfuniko, punguza 3 upate za chini. Kwa chungu hiki ni 15 juu na 9 chini, na ndani utapata nyuzi 160 hadi 175 za Selsiasi. Kwa cha inchi 10 ni 13 na 7. Kila briketi mbili unazoongeza hupandisha joto kwa takriban nyuzi 14. Hesabu hii ni ya briketi za kawaida zenye upana wa sentimita 5 hivi, zilizowashwa mpaka kingo zote zimekuwa za kijivu. Ukiweka ambazo bado ni nyeusi, joto litaendelea kupanda nusu saa baadaye, wakati wewe unadhani limetulia.

Mpangilio una uzito kama idadi. Chini, panga duara moja karibu na ukingo wa kitako na uache katikati wazi. Briketi moja iliyokaa chini ya kitovu inatosha kuacha doa jeusi kwenye keki. Juu, zungusha duara kufuata ukingo wa mfuniko na uweke mbili au tatu karibu na mshikio. Kwa vya kuoka, theluthi mbili ya moto iwe juu. Kwa mchuzi na maharage geuza, moto mwingi ukae chini. Kwa kukaanga, weka wote chini na mfuniko kando.

Chuma cha kusubu husambaza joto polepole kuliko alumini, ingawa kikishapata moto hulishika muda mrefu. Ndiyo maana sehemu iliyo juu ya kaa huwa na moto kuliko jirani yake. Kila baada ya dakika 10 hadi 15 zungusha chungu kizima robo upande wa kulia, halafu mfuniko robo upande wa kushoto. Anayeruka hatua hii hupata mkate wenye upande mmoja mweusi, hasa penye upepo. Upepo hupuliza makaa ya upande mmoja yakaisha kabla ya wakati, na huohuo huupoza mfuniko. Kinga ya bati au mawe ni ya lazima. Udongo wenye unyevu nao hunyonya joto la chini, kwa hiyo weka makaa juu ya sinia la chuma. Nyasi nazo zitapona. Miguu mitatu haitikisiki hata pabaya, lakini chungu kinaweza kuinama upande. Mimina kijiko cha mafuta ndani ya chungu kitupu: yakikimbilia ukutani, sawazisha sinia, la sivyo keki itatoka nene upande mmoja.

Mkaa wa kawaida na makaa ya kuni hufanya kazi, ila vipande havilingani na hesabu inakosa maana. Kwa mchuzi havina shida. Kwa mkate, beba briketi.

Mkate ndio mtihani wa chungu hiki. Changanya gramu 500 za unga wa ngano, gramu 325 za maji, gramu 10 za chumvi na gramu 7 za hamira kavu ya papo hapo. Kanda, funika, acha mpaka uumuke mara mbili, finyanga duara, uumuke tena kwa dakika 30 hadi 40 juu ya karatasi ya kuokea. Dakika 10 kabla ya kuoka, pasha mfuniko peke yake kwa makaa yake. Shusha unga na karatasi yake ndani ya chungu, funika, weka briketi 9 chini na 19 juu. Hiyo ni kama nyuzi 200. Usifungue dakika 20 za mwanzo, kwa kuwa mvuke uliofungwa humo ndio unaouacha uso wa mkate ulegee na kupanda. Dakika 40 hadi 45 zinatosha. Ukiugonga chini na ukasikika mtupu, umeiva. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 95 katikati. Dakika 10 za mwisho unaweza kuondoa makaa yote ya chini na mkate uendelee kuiva kwa joto lililobaki ndani ya chuma. Hiyo ndiyo kinga bora ya kuungua kuliko zote, nayo haihitaji kifaa chochote.

Briketi hudumu dakika 45 hadi saa moja. Kwa chakula cha muda mrefu washa kundi la pili pembeni baada ya dakika 30, usingoje la kwanza life.

Kwa mchuzi, kausha kilo 1.5 ya nyama kwa kitambaa, ikaange kwa mafungu kwenye moto wote wa chini. Ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi. Kisha ongeza kitunguu, viungo na maji ya kufika nusu ya nyama, na upunguze moto mpaka mapovu yatokee moja moja. Hapa 15 na 9 ni nyingi mno. Anza na 8 chini na 5 juu, uongeze kadiri hali ya hewa inavyotaka. Nyanya ziingie mwishoni. Asidi yake ikikaa saa mbili kwenye chuma kipya hula utando wa mafuta na kuacha ladha ya chuma. Maharage mekundu yalowekwe usiku, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 katika maji mapya, ndipo yapunguziwe moto. Yakipikwa kwa joto dogo tangu mwanzo sumu yake ya asili hubaki. Kuku apimwe kwenye paja, afike nyuzi 74.

Kasoro zipo. Uso wa ndani una mikwaruzo ya vipele vilivyoachwa na mchanga wa kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma, na utando wa mafuta ya soya unaochomewa kiwandani ni mwanzo tu. Mayai yatagandama mpaka chungu kizoee. Kukizoesha ni hivi: osha, kausha motoni, paka mafuta ya mboga, kisha yafute kama vile umekosea kuyapaka, kibaki kimng'ao kidogo tu. Kilaze kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 hadi 260 kwa saa moja, kipoe humohumo. Mafuta mengi hayaharakishi chochote. Huganda yakawa ya kunata.

Vyungu vya alumini vya umbo hilihili vina karibu theluthi ya uzito na havishiki kutu. Kwa safari ya mtumbwi au ya kubeba begani ningechukua hicho. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo makaa yanayopulizwa huweza kulifikia, hivyo kisiachwe kitupu motoni. Cha enameli kibaki jikoni. Makaa huupasua ule mng'ao wake.

Nunua pia ndoano ya kuinulia mfuniko, yenye mshiko mpana unaouzuia usiyumbe, na glavu za ngozi. Fagia majivu kwanza, inua mfuniko wima. Makaa yasiingizwe hemani hata yakionekana yamekufa, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu.

Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu na brashi. Sabuni kidogo ya vyombo haidhuru. Kinachodhuru ni kuloweka. Maji baridi kwenye chungu cha moto huweza kukipasua, na ufa wa chuma cha kusubu hauzibiki. Kikaushe juu ya makaa yaliyobaki mpaka unyevu wote uishe, paka mafuta membamba kikiwa bado na joto, na kabla ya kukihifadhi kunja karatasi uiweke kati ya mfuniko na chungu ili hewa ipite. Kikifungwa kikiwa na unyevu, kitu cha kwanza kushika kutu huwa ni ukingo wa mfuniko kwa ndani, mahali ambapo mtu hatazami.