Kisukari na moyo: ununue kipi kwanza, mashine ya presha au saa janja?

Mama yangu anaishi na kisukari mwaka wa 11 sasa, na kila Idi sisi wanawe tunabishana tumnunulie nini. Mwaka juzi ilishinda saa janja. Aliivaa siku tatu. Tangu hapo tukiwa na fedha najiuliza jambo moja tu: ikiwekwa wapi itaulinda moyo zaidi? Kwa wenye kisukari aina ya pili, magonjwa ya moyo na kiharusi ndiyo yanayoongoza kwa kuua.

1. Mashine ya presha ya mkono wa juu

Najua mlitegemea sukari ianze. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya utafiti wa UKPDS wa Uingereza, kwa wagonjwa 1,148 wenye kisukari na presha pamoja. Kundi lililodhibitiwa presha vikali lilifikia wastani wa 144/82, lingine 154/87. Tofauti ni ndogo, lakini kiharusi kilipungua kwa asilimia 44. Na presha haina kelele: sukari ikipanda mtu ana kiu na anaenda haja kila saa, presha ikipanda anaendelea kupika chapati.

Dukani, shughulika kwanza na mkanda. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sm 22 hadi 32, na ipo mipana ya 22 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mtu anaweza kuongezewa dawa bure. Kisha tafuta modeli yenyewe kwenye tovuti ya STRIDE BP, inayoorodhesha mashine zilizohakikiwa. Jina kubwa la kampuni halitoshi, kwa sababu kila modeli hupimwa peke yake. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono zipite tu.

Bluetooth ina faida pale mtu mwingine anapozisoma namba. Mama anapima Tanga, simu inahifadhi, dada yangu anamtumia daktari grafu kabla ya kliniki. Kama mzee anatumia kitochi, nunua isiyo na Bluetooth na daftari la kurasa 48, mjukuu apige picha kila Jumapili.

Apime hivi: akojoe kwanza, aketi dakika tano ameegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Kahawa iwe imepita nusu saa. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kwa siku saba kabla ya kliniki. Wengi hulengwa chini ya 130/80, ila daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho. Siku ya kwanza beba mashine kliniki, ilinganishwe na ya kwao.

2. Mashine ya sukari

Hapa usiulize bei ya mashine, uliza bei ya stripu, vile vijipande vya kuwekea tone la damu. Mashine hutolewa hata kwa bei ya kutupa ili ununue stripu zake maisha yako yote, na za kampuni moja haziingii kwenye nyingine. Anayepima mara mbili kwa siku humaliza kopo la 50 kwa siku 25. Hakikisha famasia ya mtaani kwako inaziweka, tazama tarehe ya mwisho, na uliza kama mashine inasoma kwa mmol/L au mg/dL, kwani 7 ya kwanza ni kama 126 ya pili. Programu ya simu ni nyongeza tu.

3. Simu uliyonayo

Bure kabisa, na ningeiweka ya pili kama isingekuwa aibu kwenye mwongozo wa kununua. Weka kengele ya dawa, hasa za presha na za lehemu (kolesteroli), ambazo watu huacha wakijisikia nafuu. Senegal imekuwa ikiwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi wa ushauri, hata wa Ramadhani, kwenye simu za kawaida.

4. Sensa ya sukari ya ngozini

FreeStyle Libre na wenzake, vidude vinavyobandikwa mwilini na kusoma sukari mfululizo, ni vitu vizuri, hasa kwa anayejidunga insulini na kushuka sukari usiku. Lakini sensa ya siku 14 ina maana ya sensa 26 kwa mwaka. Kama hiyo itakula fedha za dawa za presha, acha. Ukiilalia, huweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka, basi thibitisha kwa kidole.

5. Saa janja

Baadhi, kama Apple Watch, zinaweza kudokeza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kuhesabu hatua kunasaidia. Ila zile zinazodai kupima sukari bila kutoboa kidole, kimbia. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Ile ya mama niliifunga kwenye ndizi mbivu. Ikasema sukari 5.6 na mapigo 72.

Mtu akibanwa kifua, akitoka jasho jingi au akikosa pumzi ghafla, asipime chochote, apelekwe hospitali. Kisukari kikishaharibu neva, shambulio la moyo huweza kuja bila maumivu yoyote.